UZI: Kiduka cha kababu cha Omonia, Athens. Kitu kimoja tu, tangu 1951

MzeeWaGati

Wakuu, salaam aleikum na habari za jioni.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu: akifika Athens ale wapi kwa hela ya kawaida? Akajibiwa na watu watano, na wote wakamtajia sehemu za watalii kule Plaka. Sikulala vizuri. Mimi nimeishi Athens tangu 1993 hadi 2016. Nilianzia kazi za gati Piraeus, bandari ya Athens, nikapaka rangi nyumba za watu, mwisho nikawa nasafisha maofisi usiku. Miaka yote hiyo kuna sehemu moja niliyokuwa narudi, na leo naiandikia uzi wake kwa sababu inastahili.

Inaitwa Lefteris o Politis. Iko mtaa wa Satovriandou namba 20, ukitoka Omonia unatembea dakika chache tu. Ipo tangu 1951. Inauza kababu ndani ya mkate wa pita, na hapo ndipo orodha ya vyakula inapoishia. Hakuna chipsi, hakuna kuku, hakuna zile sosi nyeupe za mtindi ambazo kila mgeni anadhani ni lazima ziwe kwenye chakula cha Kigiriki. Hukuti picha za chakula ukutani zenye taa nyuma yake. Enzi zangu, ukiwa na noti ya euro 5 ulikula na chenji ulirudishiwa.

Mara ya kwanza kuingia pale ilikuwa Januari 1994. Mvua ya baridi ya Athens haina ngurumo wala papara, inakunyeshea taratibu mpaka soksi zinalowa. Nilipanda ile treni ya zamani kutoka Piraeus, wenyewe wanaiita ilektrikos, nikashuka Omonia kumsubiri mtu aliyeniahidi kibarua cha kupaka rangi. Nikasubiri saa mbili, mtu hakutokea. Njaa ilikuwa imenishika tangu usiku. Nikawa natembea tu kuukimbia upepo, nikakata kona, na hapo ikanijia harufu ya bizari nyembamba kwenye nyama inayochomwa.

Wakuu, kama mmekulia pwani mnajua harufu ile inamfanya nini mtu. Mimi ni wa Tanga. Nilisimama pale barabarani nikaona jiko la bibi yangu.

Nikaingia. Kigiriki changu kilikuwa maneno ya melini tu, mengine hayafai kumwambia mtu mzima dukani. Nikanyoosha kidole kimoja. Jamaa akaniuliza, "Me kaftero?" Sikuelewa. Akachukua kidogo ile pilipili nyekundu iliyopondwa, akanionyesha kwenye ncha za vidole. Nikatikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo.

Sasa angalieni mikono yake. Mkono wa kushoto una karatasi. Juu ya karatasi anaweka pita iliyokaa motoni mpaka imelainika, isiwe ngumu kama kaukau. Nyama ni ya kusaga, imefinyangwa vipande virefu kama kidole gumba, imechomwa nje ikashika rangi na ndani bado ina maji yake. Anaipanga. Nyanya. Kitunguu kilichokatwa. Majani mabichi yanayofanana na kotimiri, ila harufu yake ni nyingine. Pilipili anainyunyiza kutoka juu, mkono ukiwa mbali, ili isidondoke sehemu moja. Kisha anaikunja, anaisokota karatasi kwa chini, anakukabidhi. Kazi nzima haifiki hata dakika moja, na hatazami mikono yake, anakutazama wewe.

Nilikula nimesimama, mgongo ukutani. Halafu nikanyoosha kidole tena.

Nitaendelea kesho, kuna stori ya lile jina.

---

Mtu_wa_Wete

Shikamoo mzee wangu. Uzi mzuri, lakini mimi kama Muislamu swali langu ni moja na najua wengi humu wanalo. Hiyo nyama ni ya nini? Nilipita Ugiriki siku nne na kila nilipogeuka naona nguruwe.

---

MzeeWaGati

Marahaba mwanangu. Swali lako ni la msingi, na nilipaswa kulisema mwanzo.

Ni kweli, Ugiriki mshikaki na gyros wa kawaida ni nguruwe, na wa kuku upo pia. Gyros ni ile nyama inayozunguka kwenye mti wa chuma, na neno lenyewe maana yake ni mzunguko. Usinunue bila kuuliza. Neno la kukumbuka ni *hirino*, ndiyo nguruwe. *Moshari* ni ng'ombe. *Kotopoulo* ni kuku.

Pale kwa Politis niliuliza mwenyewe, nikajibiwa ng'ombe. Lakini sikudanganyi: kuwa ng'ombe ni jambo moja na kuchinjwa kwa sheria ni jambo jingine, na hilo ni la mtu na moyo wake. Ukitaka halali bila wasiwasi, huko huko Omonia shuka mtaa wa Menandrou na vichochoro vyake. Kuna maduka ya Wapakistani na Wabangladeshi, utapata nyama ya halali na hata mchele wa kupikia pilau.

---

Kibokoni_86

Mzee, heshima zako. Mimi niko Mombasa, na hili neno kababu limenikamata. Sisi huku kababu ni ya duara, nyama ya kusaga na pilipili na kitunguu, inakaangwa, wauziwa na bajia jioni. Mshikaki ndio wa makaa. Kumbe Mgiriki naye asema kebab, na yake pia ni ya kusaga?

---

Seeb_Oman

Hapa Oman nako mishkak ni chakula cha barabarani, unakuta majiko yamepangwa jioni, nyama inachovywa kwenye ukwaju. Babu zetu waliotoka Unguja wanasema mishkaki bado kwa Kiswahili kizurizuri. Naona mambo haya ni familia moja.

---

MzeeWaGati

Ndugu zangu, mmegusa penyewe. Kababu ni neno la Waarabu na Waajemi, limetembea na majahazi likaja kwetu, likatembea na Waturuki likafika Ugiriki. Pande zote mbili wakalishika kwa nyama ya kusaga. Mgiriki akisema *kebab* hamaanishi ile nyama inayozunguka, anamaanisha nyama ya kusaga iliyofinyangwa na kuchomwa. Ile inayozunguka zamani waliiita kwa jina la Kituruki, wakaja kuligeuza likawa gyros.

Nawapa kingine kilichonifurahisha sana siku nilipokijua. Athens mshikaki mmoja wanauita *kalamaki*, yaani katete kadogo, kwa sababu mti wa kuchomea zamani ulikuwa utete. Utete kwa Kigiriki ni *kalamos*. Waarabu walilichukua neno hilo wakasema *qalam*, maana kalamu za kale zilichongwa kwa utete, na sisi tukalichukua kwa Waarabu. Kwa hiyo kalamu uliyoandikia shule na mti wa mshikaki wa Athens ni mtu na binamu yake. Ila ukifika Thessaloniki usiombe kalamaki, utapewa mrija wa kunywea. Kule mshikaki ni *souvlaki*, na watu wa miji hiyo miwili wanabishana juu ya hili mpaka jasho linawatoka. Nimeshuhudia.

Na kabla ya hapo Wagiriki wa kale mishikaki ya chuma ilikuwa ndiyo pesa yao. Mshikaki waliuita *obelos*, sarafu ikaja kuitwa *obolos*. Mishikaki sita ilijaza kiganja, na kiganja hicho ndicho *drachma*, hela ile ile niliyolipia kababu yangu ya kwanza kabla ya noti za euro kuja Januari 2002. Vyuma vyenyewe vilivyochimbuliwa kwenye hekalu la Hera kule Argos vipo kwenye jumba la makumbusho ya sarafu, mtaa wa Panepistimiou. Nilikwenda kuviona siku ya mapumziko. Virefu, vyeusi, vimefungwa pamoja kama kuni za mama aliyetoka porini.

---

Tabata_Relini

Mzee shusha ile ya jina, tumekaa mkao wa kula.

---

MzeeWaGati

Haya.

Lefteris ni jina la kawaida la mwanaume, linatokana na neno la uhuru. Neno zito ni *Politis*. Poli ni mji. Lakini Mgiriki akisema "Mji" bila kutaja jina, hamaanishi Athens. Anamaanisha Konstantinopoli, Istanbul ya leo. Politis ni mtu wa Mji. Kwa hiyo juu ya mlango pameandikwa, kwa lugha yetu, "Lefteris wa kutoka Mji". Kama mtu afungue kiduka Dar na kukiita "Juma wa Unguja". Umeshajua asili yake kabla hujaonja.

Mwaka 1922 jeshi la Ugiriki lilishindwa vita Anatolia, yaani Uturuki ya leo, mji wa Smyrna ukaungua, watu wakakimbilia gatini. Januari 1923, kule Lausanne, Ugiriki na Uturuki wakatia saini mkataba wa kubadilishana watu. Sikilizeni neno hilo: kubadilishana watu. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Uturuki waende Ugiriki, Waislamu wa Ugiriki waende Uturuki. Kipimo hakikuwa lugha, kilikuwa dini. Kwa hiyo kuna watu waliopelekwa Ugiriki wakiwa wanaongea Kituruki tu, na Waislamu wa Krete waliopelekwa Uturuki wakiwa wanaongea Kigiriki. Sensa ya Ugiriki ya 1928 ilihesabu wakimbizi zaidi ya milioni 1.2 katika nchi ya watu milioni 6.2. Kila watu watano, mmoja ni mkimbizi. Ndiyo maana pembezoni mwa Athens kuna Nea Smyrni, Nea Ionia, Nea Filadelfeia. Nea ni mpya. Walibeba majina ya kwao kwa sababu ndiyo yaliyobebeka.

Wagiriki wa Istanbul hawakuwa kwenye ule mkataba. Waliachwa wabaki, na upande wa pili Waislamu wa Thrace ya Magharibi nao wakaachwa. Lakini kubaki kukawa kwa tabu. Mwaka 1942 ikaja kodi ya mali iliyowakamua wasio Waislamu. Usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Septemba 1955 makundi yalivunja maduka, nyumba na makanisa yao. Mwaka 1964 wenye uraia wa Ugiriki wakafukuzwa, zaidi ya watu 10,000, na familia zao zikawafuata. Leo waliobaki Istanbul ni elfu chache tu.

Mtu wa Mji alikuwa anafika Athens na viungo vyake, na mkono wa mama yake. Wenyeji waliwaona wanapika kwa viungo vingi mno, wanapenda pilipili, vyakula vyao vina harufu. Sasa vyakula hivyo ndivyo vinavyoitwa chakula cha Kigiriki. Mimi nikiwa Mswahili wa Tanga niliielewa ile kababu siku ya kwanza bila mkalimani, na sasa mnajua kwa nini. Ilikuwa imetoka upande wetu wa viungo.

Na msidhani Wagiriki hawa ni wa mbali na sisi. Tanga na Moshi nzima, wazee wetu walifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na kahawa ya Wagiriki. Wa Dar nyote mnalijua jengo la Anatoglo pale Mnazi Mmoja. Limepewa jina la George Arnautoglu, mfanyabiashara Mgiriki aliyelitolea fedha. Sasa tazameni mkia wa jina lake: *oglu*. Hiyo ni Kituruki, "mwana wa". Mgiriki mwenye jina la Kituruki, jengo lake liko Mnazi Mmoja. Nilipita hapo mara nyingi sikujua nasoma nini.

---

Mnyama_Damu

Mzee umenipa kitu cha kuongeza upande wangu wa mpira. PAOK, timu aliyokuwa akichezea Mbwana Samatta ilipobeba ubingwa wa Ugiriki msimu wa 2023–24, ile K ya mwisho ni Konstantinoupoliton, wale wale watu wa Mji. Ilianzishwa Thessaloniki 1926 na wakimbizi wao. AEK ya Athens hivyo hivyo, 1924, K yake ni Konstantinopoli, ndiyo maana nembo yao ni tai mwenye vichwa viwili, alama ya ufalme wa zamani wa Konstantinopoli. Na Samatta alipotoka kwenda PAOK alikuwa mchezaji wa Fenerbahçe ya Istanbul. Yaani nahodha wetu alipita njia ya wale wazee, kutoka Mji kwenda kwa watu wa Mji.

---

MzeeWaGati

Mnyama_Damu, Mungu akubariki. Hiyo ya Samatta sikuiwaza kabisa.

---

Mjasiriamali_Ilala

Kaka mkubwa, niruhusu nipinge kidogo kwa heshima. Duka lipo tangu 1951, linapendwa, lina jina, halafu linauza kitu kimoja tu? Huyo mtu angekuwa na matawi 50 leo. Angeongeza kuku, angeongeza vinywaji vya kisasa, usafirishaji wa nyumbani. Mimi naona ni kutokutaka kukua. Hatuwezi kuwafundisha vijana wetu hivyo.

---

MzeeWaGati

Mdogo wangu, nashukuru umeuliza kwa heshima, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu hili limenigharimu.

Niliporudi 2016 nilikuwa na akiba. Mwaka 2017 nikafungua kijiwe cha mishkaki Ngamiani, Tanga. Mwanzo nilifanya kama nilivyoona Omonia: mishkaki ya ng'ombe, makaa, pilipili ya ukwaju, basi. Jiko linawaka saa kumi, saa mbili usiku nyama imekwisha, nafunga. Watu walikuja. Halafu marafiki wakaanza kunishauri maneno haya haya unayoniambia. Ongeza chipsi. Nikaongeza. Ongeza kuku. Nikaongeza. Nikanunua friji kubwa ya mkopo, nikaweka runinga ya mpira, nikaajiri vijana wawili zaidi.

Nikwambie kilichotokea. Mteja aliyekuwa anakula mishkaki mitano sasa anakula chipsi na mishkaki miwili. Nyama iliyokuwa inaisha saa mbili ikaanza kubaki. Ikibaki inalala. Ikilala kwenye friji, kesho unaichoma ile iliyolala kwanza, kwa sababu hutaki hasara. Mteja hasemi kitu, ila ulimi wake unajua. Mafuta ya chipsi nayo yakaanza kutoa harufu iliyofunika ya makaa, na makaa ndiyo yaliyokuwa yanaita watu kutoka barabarani. Baada ya miezi 14 friji ilichukuliwa na waliotukopesha.

Pale Satovriandou nyama haina muda wa kulala. Kila anayeingia anakuja kwa kitu hicho hicho kimoja, kwa hiyo kinachochomwa sasa hivi kinaliwa sasa hivi. Mchomaji amefanya tendo lile lile mara nyingi mno mpaka hahitaji kufikiri, na wewe hukai foleni ndefu. Hakuna mtu wa kuandika oda. Hakuna sahani za kuosha. Kiduka kidogo, kodi ndogo. Vitu vyote vinavyoua biashara ya chakula, wao hawakuvileta ndani tangu mwanzo.

Na si wao peke yao. Katikati ya Athens kuna viduka vingine vya namna hiyo, kwa mfano kwa Kostas pale uwanja wa Agia Irini, mishikaki midogo kwenye pita na sosi ya nyanya yenye pilipili, na nyama ya siku ikiisha wanafunga. Wanafika kazini asubuhi wakijua wamekata kiasi gani. Nimewahi kumkuta mtu amevaa suti ya gharama analalamika amechelewa, imekwisha. Kesho yake nikamkuta yupo mapema.

Mwaka jana nimeanza tena. Jiko moja. Mishkaki ya ng'ombe tu. Sijaweka hata kachumbari ya kununua, ipo ya bure. Bado ni mapema kusema.

---

Mjasiriamali_Ilala

Nimekusoma kaka, nimenyamaza kwanza nifikiri. Hiyo ya nyama kulala imeniingia. Mimi nina mgahawa wa chakula cha mchana Buguruni, nina aina 11 kila siku na kila siku namwaga. Kesho naanza kuhesabu kipi kinamwagwa.

---

Binti_Pangani

Mzee, ulikuwepo kipindi cha ule msukosuko wa benki? Mjomba wangu alikuwa Athens akatuambia hela zilikwama.

---

MzeeWaGati

Nilikuwepo binti yangu. Jumatatu tarehe 29 Juni 2015 tuliamka benki zimefungwa. Mashine zikawekewa kikomo, euro 60 kwa siku kwa kadi moja. Baada ya siku chache mashine zikaishiwa noti za 20, kwa hiyo unapata ya 50 moja basi. Mimi kazi yangu ya usafi nalipwa benki, na benki imefungwa. Foleni za mashine zilikuwa za wazee, wamebeba viti vya kukunja na chupa za maji, jua la Julai limesimama kichwani.

Wiki ile ya kura ya maoni, wananchi wakubali au wakatae masharti ya wakopeshaji wa Ulaya, kabla ya tarehe 5 Julai, nilikwenda Satovriandou na sarafu mfukoni. Nakumbuka utulivu uliokuwamo mle ndani. Nje kila mtu anapiga kelele, ndiyo, hapana, Ulaya, siyo Ulaya. Ndani watu wanakula. Mzee mmoja aliyesimama kando yangu, hatujuani, aliniuliza mimi ni wa wapi, nikamwambia Tanzania. Akasema mjomba wake alifanya kazi ya mkonge Tanganyika, akalitamka "Tanga" vizuri kabisa. Akainua pita yake kidogo hivi, kama mtu anavyoinua kikombe cha kahawa kukusalimia. Akaendelea kula.

Baadaye mwezi huo huo kodi ya chakula cha kwenye migahawa ikapandishwa kutoka asilimia 13 hadi 23. Sehemu nyingi nilizozijua zilifunga milango. Kile kiduka kilibaki wazi, na mimi niliendelea kula pale mpaka nilipoondoka mwaka uliofuata. Siku ya ndege nilipita na sanduku langu.

---

Dada_Kypseli

Shikamoo baba. Mimi ni msomaji tu humu, leo nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Niko Athens mwaka wa sita, nakaa Kypseli karibu na Plateia Amerikis, namlea bibi mmoja mgonjwa. Omonia nashuka kila wiki kutuma hela nyumbani na sijawahi hata kuujua mtaa huo. Wapo bado?

---

MzeeWaGati

Marahaba mwanangu, pole na kazi. Nenda ukatuangalizie. Ukitoka kituo cha Omonia uliza Satovriandou. Ni jina la mwandishi Mfaransa, Chateaubriand, Wagiriki wamelitamka kivyao. Usiende saa ya watu kutoka kazini. Na naomba uangalie mambo mawili kwa niaba yangu: kama bado wanauliza "me kaftero", na kama karatasi bado wanaisokota kwa chini.

---

Mtu_wa_Wete

Tunasubiri ripoti dada.

---

Dada_Kypseli

Baba shikamoo tena. Nimekwenda leo. Nilikuwa na miadi ya makaratasi asubuhi katika ofisi moja, wakanirudisha kwa sababu ya nakala moja iliyokosekana, nikatoka pale machozi yananilenga. Nikasema basi angalau nitimize la mzee.

Wapo. Mbele yangu walikuwa watu wanne: vijana wawili wa kazi za ujenzi wana vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, mama mmoja na mkoba wa sokoni, na mtu wa makamo mwenye tai. Hakuna aliyetazama orodha. Ulivyosema ndivyo, mkono wa kushoto karatasi, mkono wa kulia unafanya kazi. Nimeulizwa "me kaftero?" kabla sijafungua mdomo. Nikasema ndiyo, nyingi. Akanitazama, akaongeza.

Karatasi bado wanaisokota. Lakini nilikula kwa pupa, nikashika vibaya, maji ya nyama yakashuka mpaka kwenye mkono wa koti langu. Harufu iko hapo mpaka sasa ninapoandika, na koti silifui leo.

Baba, ile bizari. Nilisimama ukutani kama ulivyosema, na kwa muda ule nikasahau kabisa nakala iliyokosekana.

---

MzeeWaGati

Nimesoma mara tatu mwanangu. Ahsante. Ulikula ngapi?

---

Dada_Kypseli

Mbili. Ya tatu nilimfungia bibi. Hana meno mengi, nikamkatia vipande vidogo. Amemaliza yote na pita yake, ameniuliza Alhamisi nitapita tena Omonia.